Hela ya A imetufanya nini staff room

Matokeo ya form four yakitoka tu stori ni ile ile, shule flani imewapa walimu elfu kumi kwa kila A, nyingine imewapeleka mbugani, na watu wanagawanyika, hawa wanasema ualimu ni wito, hawa wanasema wito haulipi kodi ya nyumba.

Mi nafundisha hesabu shule ya private mwaka wa sita huu na hiyo hela nimeila, kwa hiyo siwezi kusema motisha ni mbaya. Mwaka ilipotangazwa watu walibadilika jamani, mwalimu aliyekuwa anatoka saa tisa kamili unamkuta saa kumi na mbili jioni bado anapiga past paper na watoto, na hakuna aliyemlazimisha. Mshahara ukiingia una wenyewe tayari, mangi wa dukani, ada, mkopo, ila ile hela ni kama mtu kakwambia kazi yako nimeiona.

Shida ikaja siku ya bahasha. Head anaita majina mbele ya wote, mwalimu wa form four kaondoka na laki tatu na kitu, pembeni yake kakaa dada aliyewafundisha watoto hao hao form one na two, ndo aliyewatoa kwenye kutojua hata kujumlisha namba hasi, yeye akapewa soda na keki. Alipiga makofi na sisi vizuri tu, ila tangu siku ile kengele ikilia anafunga daftari anaondoka. Halafu mtoto wa D akawa hana mwenyewe, maana D kuwa C hailipwi.

Kuna jaribio la shirika la Twaweza hapa Tanzania, liliitwa KiuFunza, 2013 na 2014, shule za msingi 350 kwenye wilaya 10. Mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu alikuwa analipwa sh 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo, Kiswahili, Kiingereza au hesabu, na mwalimu mkuu naye alikuwa na 1,000 yake kwa kila ufaulu huo. Angalia hapo, walilipia madarasa ya chini na walilipia kufaulu, sio A. Shule nyingine zilipewa ruzuku, yaani hela ya matumizi ya shule, zilizopata hiyo peke yake ufaulu haukupanda, zenye bonasi peke yake ikawa kusuasua, zilizopata vyote viwili ndo watoto walipanda kweli.

Wanaosema ongezeni mshahara tu nawaelewa, Mei Mosi 2025 kima cha chini serikalini kilipotangazwa kutoka 370,000 kwenda 500,000 hakuna aliyenuna. Lakini mshahara haumtofautishi aliyebaki hadi jioni na aliyewahi daladala. Mi naona bonasi ibaki, ila iwe fungu moja la walimu wote wa somo, form one mpaka four, na wa maabara awemo.

Tumempelekea mkurugenzi ombi hilo tangu mwezi wa pili, bado hajajibu, na yule dada keshaandika barua ya kuacha kazi. Form one B hawana mwalimu wa hesabu kuanzia mwezi ujao.