Mashine Ilinitangaza Kituoni

Pale kituo cha daladala cha Mbagala Rangi Tatu kuna kijana mwenye mashine ya kupima urefu na uzito, ile yenye spika. Niliipanda kwa hiari yangu, siku ya mvua, kwa sababu magari yalikuwa yamechelewa na nilikuwa na chenji mfukoni. Mashine ile haina adabu ya kumvuta mtu pembeni. Ilitangaza kituo kizima kikisikia kwamba urefu wangu ni mita 1.70 na uzito wangu ni kilo 104, ikanyamaza kidogo kama hakimu anayetafuta miwani yake, kisha ikahitimisha kwamba nimezidi kiasi. Konda aliyekuwa akiita abiria alikatisha wito wake, akanitazama kuanzia chini hadi juu, akasema, "Mzee, kumbe siku zote unalipa nauli ya mtu mmoja!"

Habari hiyo ilifika nyumbani kabla yangu, na jioni ileile niligundua kwamba mtaa wetu umejaa wataalamu wa lishe wasio na kliniki. Fundi aliyekuja kuziba bomba la jikoni aliniagiza ninywe maji ya limao na tangawizi kila alfajiri ili yasafishe mafuta, ilhali mimi nilisoma biolojia hadi kidato cha nne na ninakumbuka vizuri kwamba usafi wa ndani ya mwili ni kazi ya ini na figo, na limao halijawahi kuajiriwa huko. Shemeji yangu, ambaye mwenyewe hufunga mkanda chini ya kitambi kama mtu anayezuia mzigo usidondoke, aliapa kwamba hakuna kama keto: acha ugali, wali, chapati, viazi, mihogo, ndizi na sukari, lakini mafuta kula utakavyo. Nikamwuliza, "Kwa muda gani?" Akasema, "Mpaka upungue." Nikamwuliza, "Na nikishapungua?" Alinitazama kana kwamba nimemwuliza mambo ya kaburini. Swali hilo nimelizungusha mjini kwa miezi mingi, na kila mtu hunijibu kwa kunieleza upya jinsi ya kuanza.

Nilidhani keto ni jambo la juzi, kumbe mwaka 1863 mjini London bwana mmoja aitwaye William Banting alikwisha kuchapisha kijitabu akieleza alivyopunguza unene kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Bwana huyo alikuwa na biashara ya mazishi, nami nikajisemea kwamba mtu aliyezoea kukadiria watu kwa ajili ya majeneza hawezi kuzungumza ovyo kuhusu upana. Basi nikaanza. Siku ya kwanza nilikula mayai manne na parachichi. Siku ya pili nilikula parachichi na mayai manne. Kufikia siku ya nne kichwa kiliniuma, choo kiligoma, na mdomo wangu ulikuwa ukitoa harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, hata mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya hatari, "Baba Zuhura, wewe siku hizi unashinda saluni ya nani?" Nikalazimika kumweleza kwamba mwili unaochoma mafuta kwa wingi hutoa asetoni kupitia pumzi. Alisema atalichunguza.

Hata hivyo, kwa juma moja nilipungua kilo 3, nikawa natembea mtaani kama mgombea aliyepita bila kupingwa. Furaha hiyo iliharibiwa na mpwa wangu anayesomea lishe chuoni. Alinieleza kwamba mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu 3 za maji. Mtu akiacha wanga, akiba huisha na maji yake huondoka nayo. Kwa lugha nyingine, sehemu kubwa ya ushindi wangu niliikojoa. Juma la tatu kulikuwa na hitma kwa jirani. Sinia la pilau la watu wanne liliwekwa mbele yetu, na wale wenzangu watatu wanasimulia mpaka leo kwamba hawana hakika kama walikula.

Halafu akatokea kijana mmoja wa ofisini na habari kwamba Ulaya na Marekani wameona faida ya kukaa saa 16 bila kula na kula ndani ya saa 8 tu. Nilimshukuru kwa niaba ya ukoo wetu, ambao umefunga Ramadhani vizazi na vizazi pasipo kuandikiwa makala. Hapa Dar es Salaam mfungo wa siku huchukua kama saa 13 na nusu, na kila mwaka namaliza mwezi nikiwa nimenenepa, kwa kuwa zile saa zinazobaki nazitumia ipasavyo: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kalimati, na baada ya Tarawehe tunakula sasa chakula chenyewe. Tatizo langu halikuwahi kuwa njaa ya mchana. Tatizo langu ni adhana ya magharibi.

Nilipokwisha kushindwa mara ya nne, mpwa wangu alinihurumia kwa takwimu. Alinisomea utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na watu wa Chuo Kikuu cha Tufts kule Boston, ambamo watu 160 waligawiwa mifumo minne ya kula iliyokuwa maarufu Marekani, wakafuatiliwa mwaka mzima. Katika ile mifumo miwili yenye masharti makali zaidi, takriban nusu ya watu waliacha njiani, na kilichoamua nani apungue hakikuwa jina la mfumo bali ni kwa kiasi gani mtu aliufuata. Mwaka 2018 wale wa Stanford nao wakatoa matokeo ya watu 609, wengine wakipunguza mafuta na wengine wakipunguza wanga. Baada ya miezi 12 kila upande ulikuwa umepungua kwa wastani wa kilo 5 hadi 6, ingawa pande zote mbili walikuwapo pia watu walioongezeka. Hao walioongezeka ningependa sana kufahamiana nao. Akamalizia na wa Australia wa mwaka 2011, kwamba mwaka mmoja baada ya watu kukondeshwa kwa majuma 10, homoni zao zilikuwa bado zinapiga kelele za njaa kuliko kabla hawajaanza. Yaani tumbo lina kinyongo, na halisahau.

Lakini watafiti hao wote, pamoja na heshima yao, hawakupima ndimi za majirani. Nilipofanikiwa kushuka hadi kilo 98, mtaa uliingiwa na huzuni. Muuza mkaa alinishika bega akaniambia nisikate tamaa, dawa siku hizi zipo. Mama yangu mzazi alipiga simu kutoka Tanga, akauliza kwa mzunguko mrefu kama kazini wamenipunguza, na aliposikia sivyo, akaomba azungumze na mkewe mwanawe. Sijui waliyozungumza, ila mke wangu alirudi jikoni akiwa amekaza uso, akakuna nazi mbili, akapika wali, maharage na samaki wa kupaka, akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza. "Nisije nikaambiwa nimeshindwa kumlisha mtu," alisema. Nauliza: mtu atashikaje masharti ya chakula katika mji ambao kitambi chake ni cheti cha ndoa?

Ajabu ni kwamba aliyenitoa hapo ni huyohuyo mke wangu, tena bila kusoma utafiti wowote. Alinihesabia vijiko vya sukari: vinne kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, karibu gramu 50, ambacho ndicho kiwango cha juu cha siku nzima kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu anayekula kalori 2,000, na hapo bado soda sijaifungua. Akavishusha kimoja kimoja kila mwezi, kimyakimya, na mimi nikawa nalalamika tu kwamba sukari ya siku hizi haina nguvu. Kisha akanibadilishia sahani. Akanipa ya plastiki ya kitindamimba wetu, yenye picha ya bata katikati, na sheria ikawa moja: ugali unaweza kumfunika bata mwili, lakini kichwa kionekane. Panapobaki ni pa mchicha, dagaa au maharage, na hapo naweza kuongeza. Hakuna chakula kilichokatazwa, hakuna trei za mayai, hakuna harufu ya saluni, na pilau huliwa, mradi bata apumue. Ni mwezi wa kumi na moja sasa nina kilo 95, mwendo wa konokono mwenye mzigo, na sikuona haja ya kuuliza itaisha lini.

Jumapili iliyopita walikuja wakwe kutoka Muheza, wazee wa heshima, na mtu mzima hawezi kulia plastiki yenye bata mbele ya baba mkwe. Nilipewa sahani ya kaure, pana kama sinia, nikajisikia bwana tena, nikajaza mlima, nikanawa mikono. Tonge la kwanza lilikuwa halijafika mdomoni pale kitindamimba wetu aliponyoosha shingo akachungulia sahani yangu, akauliza kwa sauti iliyoishinda ile mashine ya Mbagala: "Baba, leo bata umemla?"