Aliyeibiwa alipwe kwanza

Nikiwa hapa Manchester, nikipiga simu nyumbani Arua, Uganda, habari ninayoambiwa mara nyingi ni moja: boda ya fulani imeibwa, kijana kashikwa, kafungwa. Na mwenye boda? Bado analipa mkopo wa pikipiki asiyokuwa nayo, na kodi yake inamlisha mwizi gerezani. Hilo linaniuma sana.

Huku Uingereza, tangu sheria ya 1972, mahakama inaweza kumwamuru mkosaji amlipe aliyemuumiza. Mkosaji asipomudu faini na fidia pamoja, fidia hutangulizwa, serikali inasubiri. Pesa huja kidogokidogo, lakini mtu anajua kwamba hasara yake imeandikwa mahali.

Uganda hakimu ana uwezo huohuo kisheria. Hata mahakama za LC, yaani za mabaraza ya vijiji na mitaa, chini ya sheria ya 2006, zinaweza kuagiza fidia. Kinachokosekana ni mazoea ya kuwauliza waliodhulumiwa.

Walibertaria wa Marekani, watu wanaotaka uhuru wa mtu uwe mkubwa na mkono wa serikali uwe mdogo, wamelisema hili kwa ukali. Mwaka 1977 mmoja wao, mwanasheria Randy Barnett, aliandika kwamba uhalifu ni kosa la mtu dhidi ya mtu, na haki ni mkosaji kurudisha alichoharibu. Mzee wa Kiacholi, kaskazini mwa Uganda, asingeshangaa: culo kwor, malipo ya ukoo uliomwaga damu, ni ya zamani kuliko magereza yetu.

Ila walibertaria siwafuati hadi mwisho. Wengine wao wanataka aliyedhulumiwa awe huru kupokea malipo na kuifuta adhabu yote. Sisi tunajua hiyo inafika wapi. Binti anabakwa, baba wawili wanakaa chini ya mwembe, mbuzi wanahama boma, kesi imekwisha. Binti hakuulizwa, na mbuzi si wake. Kwa kosa kama hilo kifungo kibaki, na fidia iwe mkononi mwake mwenyewe.

Halafu kuna mkosaji asiye na kitu. Thomas Kwoyelo, kamanda wa zamani wa LRA, waasi waliowatesa watu wa kaskazini mwa Uganda, alihukumiwa miaka 40 mwaka 2024, na kwa kuwa hana mali, mahakama iliiagiza serikali iwalipe waathirika, hadi shilingi milioni 10 kila mmoja. Mlibertaria atauliza kwa nini mlipakodi abebe. Nami namjibu: serikali iliyoshindwa kuwalinda watu wa kaskazini ina deni lake.

Basi hakimu wa Arua, kabla ya kutaja miaka, amsimamishe mwenye boda amuulize amepoteza kiasi gani, na kiasi hicho kiandikwe kwenye hukumu.