Namba sita aende Ulaya lini? Hesabu ambayo Magharibi mwa Kenya haijapiga

Mzazi wa Kisumu au Kakamega aliye na kijana wa miaka 17 anayecheza namba sita, yaani kiungo mkabaji, hupewa ushauri wa aina mbili, na wote hutolewa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Wa kwanza: mtoe haraka, hapa atazeekea uwanjani bila mshahara. Wa pili: tulia, amalize kidato cha nne, acheze Ligi Kuu misimu miwili mitatu, Ulaya haihami. Cha kuchekesha ni kwamba pande zote mbili huita shahidi mmoja, Victor Wanyama, kiungo mkabaji wa zamani wa timu ya taifa.

Basi tumsikilize shahidi kabla ya kumgombania.

Wanyama alizaliwa Nairobi Juni 1991 katika nyumba ya mpira. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na kaka yake, McDonald Mariga, alitangulia Sweden. Mwaka wa 2007 Victor alimfuata Helsingborg. Mariga alipouzwa Parma ya Italia, mdogo wake akarudi Kenya. Wanaosimulia habari zake huiruka hatua hiyo, ilhali ndiyo inayofundisha zaidi: safari ya kwanza haikufika popote. Mwaka wa 2008 akatoka tena, safari hii kwenda Germinal Beerschot ya Ubelgiji, na huko akakaa miaka mitatu bila kelele nyingi hapa nyumbani. Mwaka wa 2011 Celtic ya Uskoti ikamnunua kwa takriban pauni 900,000. Novemba 2012 akaruka kwenye kona, akapiga kichwa, na Barcelona ikalala 2-1 pale Celtic Park. Hakuna Mkenya aliyekuwa amefunga bao katika Ligi ya Mabingwa kabla yake. Julai 2013 Southampton ikatoa pauni milioni 12.5, bei ambayo hakuna klabu ya Uskoti iliyokuwa imewahi kuuza mchezaji. Mwaka wa 2016 akahamia Tottenham kwa takriban pauni milioni 11.

Wenye haraka wanasema: mnaona? Alitoka kabla ya kufikisha miaka 18, akafundishwa na Wazungu, akawa mali. Wenye subira nao wanasema: mnaona? Alipokwenda mapema mno alirudi, na aliporejea Ulaya alianzia ligi ya daraja la kati, akapanda ngazi baada ya ngazi.

Kwangu mimi wote wanasoma ukurasa mmoja na kuufunga kabla ya kufika chini. Ila kuna jambo moja ambalo wenye haraka wanalielewa kuliko wenzao, hata kama hawalisemi vizuri. Kiungo mkabaji haonekani kwa urahisi.

Nenda kwenye michezo ya shule za upili, iwe Moi Stadium hapa Kisumu au Bukhungu kule Kakamega. Kila anayejiita wakala ana simu mkononi, na simu inainuliwa mpira ukikaribia eneo la hatari. Video inayosambazwa WhatsApp jioni ni ya dakika tatu: mabao, chenga, mashuti. Kijana wa namba sita wa Kakamega High au St Anthony's Kitale hayumo. Kazi aliyoifanya ni kugeuza shingo mara mbili kabla mpira haujamfikia, kusogea hatua tano kuziba pengo beki wa pembeni anapopanda, na kumgusa mpinzani kidogo tu katikati ya uwanja ili shambulizi lisizaliwe. Hayo huwezi kuyakata ukayatia kwenye video. Yanatazamwa kwa dakika 90, tena mechi kadhaa, na mtu anayejua anachotafuta.

Ndiyo maana mfano wa Michael Olunga, ambao wenye subira huupenda, hauwasaidii sana hapa. Olunga alicheza Gor Mahia iliyobeba ubingwa wa 2015, alikuwa chuo kikuu, akaondoka kwenda Djurgården ya Sweden akiwa na miaka 21. Baadaye akafunga mabao 28 katika msimu mmoja wa ligi ya Japani, mwaka wa 2020, akiwa na Kashiwa Reysol. Ni mfano mzuri wa subira. Lakini Olunga ni mshambuliaji, na mabao yanajitangaza yenyewe; hata ukiwa na miaka 21 au 22, jedwali la wafungaji litakubebea barua ya maombi. Namba sita mwenye umri huo hana jedwali la kumtetea. Zaidi ya hapo, kusoma mchezo hujengwa kwa kucheza dhidi ya watu wenye kasi wiki baada ya wiki, na ukichelewa kuanza, unajifunza ukiwa na miaka 23 yale ambayo mwenzako wa Ubelgiji aliyamaliza akiwa na 19.

Haya, wenye subira nao wana hoja nzito, na sitaki kuipita mbio. Uwanja wa kwanza wa kijana ni maisha. Kijana wa miaka 17 anayetua Ulaya bila ndugu, bila lugha, katikati ya baridi, ana vita vingine nje ya mpira. Wanyama alikuwa na kaka mjini, na bado mara ya kwanza alirudi. Kisha kuna wale wanaoitisha fedha za viza na za barua ya mwaliko kutoka klabu ambayo hata tovuti yake haifunguki. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa wazi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kijana wako wa miaka 16 ana mkataba wa Ulaya, mwulize anatumia kifungu gani. Akibabaika, mpe chai, mshukuru, mfungie mlango.

Mahali ambapo wenye subira wananipoteza ni hapa: wanaposema "acheze ligi ya nyumbani kwanza", wanazungumzia ligi ambayo Magharibi ilikuwa nayo zamani. Miaka ile kiwanda cha sukari kilikuwa na timu. Sony Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2006. Chemelil Sugar, Nzoia Sugar, Muhoroni, Mumias: kijana aliyesajiliwa na kiwanda alikuwa na nyumba, mshahara, na mara nyingi kazi ya kumpokea goti likikataa. Subira ilikuwa na kitanda cha kulalia. Viwanda vikayumba. Mumias ikawekwa chini ya mrasimu, msimamizi anayewekwa kwa ajili ya wadai, mwaka wa 2019. Mwaka huo huo Sony Sugar ikafukuzwa Ligi Kuu kwa kutofika uwanjani kwenye mechi, na Chemelil ikashuka daraja 2020. Ongeza kwamba 2019 SportPesa, iliyokuwa ikidhamini ligi pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, iliondoka, na wachezaji wa klabu kubwa kabisa nchini wakajikuta wakidai mishahara ya miezi. Ulinzi Stars, timu ya jeshi iliyocheza Afraha pale Nakuru kwa miaka mingi, ilibaki miongoni mwa klabu chache ambako mchezaji ana uhakika wa mwisho wa mwezi, kwa kuwa ni mwanajeshi. Mariga mwenyewe alipitia Ulinzi kabla ya Sweden. Lakini si kila namba sita atavaa magwanda.

Halafu 2022 FIFA ikaifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba kwa sababu serikali iliingilia shirikisho. Kwa kijana wa miaka 18 hiyo ni miezi tisa ya kutoonekana katika mashindano yoyote ya kimataifa, na tukaondolewa kwenye mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Ukimwambia huyo asubiri, mwambie pia anasubiri nini.

Hata hivyo, wenye haraka wasishangilie, maana ipo bei wasiyoitaja. Msimu wa 2016-17 Wanyama alicheza mechi 36 za ligi, Tottenham ikamaliza ya pili na pointi 86, na ni yeye aliyefunga bao la kwanza katika mechi ya mwisho kabisa ya uwanja wa zamani wa White Hart Lane, dhidi ya Manchester United. Agosti iliyofuata goti likamsimamisha kwa miezi kadhaa. Alirudi, akapiga lile kombora la Anfield Februari 2018 ambalo hata mashabiki wa Liverpool wa Kondele walilikubali kwa shingo upande, lakini hakuwa tena mtu wa kila wiki. Namba sita hulipwa kwa mwili wake. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2019 jijini Madrid alikuwa benchi, huku Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth aliyewahi kuichezea Harambee Stars, akiingia na kuifungia Liverpool bao la pili. Mwezi huo huo Wanyama akaiongoza Kenya Misri: tukafungwa na Algeria 2-0, tukaishinda Tanzania 3-2, tukafungwa na Senegal 3-0, tukarudi nyumbani. Mwaka wa 2020 akaenda Montreal ya Kanada, kwa kocha Thierry Henry, na Septemba 2021 akastaafu timu ya taifa akiwa na miaka 30.

Wapo wanaolaumu kustaafu huko, wanasema Ulaya ilimtafuna ikatuachia makombo. Sikubaliani. Mtu aliyevuka mabara kwa zaidi ya miaka kumi kuja kucheza mechi za mchujo, tena na magoti yale, amelipa deni lake. Ninachojiuliza ni kwa nini alipoondoka hapakuwa na mrithi wa kiwango chake katika nafasi ile. Na hapo ndipo ninapofika kwenye hesabu ambayo pande zote mbili huiacha.

Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji mwenye mkataba anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha hugawanywa kwa klabu zote zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una nusu ya fungu la kila msimu wa miaka 16 hadi 23. Chukua pauni milioni 12.5 za Southampton. Uskoti na Uingereza zina mashirikisho tofauti, kwa hiyo huo ni uhamisho wa kimataifa. Asilimia 5 ni pauni 625,000. Msimu mmoja wa kumlea akiwa na miaka 16 una thamani ya pauni 62,500. Kwa kiwango cha fedha cha mwaka ule, karibu shilingi milioni 8. Msimu wa miaka 14 ni nusu yake. Hiyo ni kwa uhamisho mmoja tu, tena bila kugusa ile fidia ya mafunzo inayolipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa.

Milioni 8 kwa msimu mmoja wa kijana mmoja. Kwa timu ya mtaa wa Nyalenda au ya soko la Luanda kule Vihiga hizo ni jezi, mipira, kocha mwenye cheti na basi la kwenda ugenini kwa miaka.

Lakini fungu hili halilipwi kwa shukrani. Hulipwa kwa klabu iliyosajiliwa chini ya shirikisho, iliyomwandikisha mchezaji kwa jina na tarehe, na ambayo inaonekana kwenye pasipoti yake ya mchezaji, ile rekodi ya kila mahali alikocheza. Tazama basi kijana wa Magharibi alivyokulia. Miaka 12 hadi 14, timu ya mtaa ya mwalimu mmoja anayejitolea, haina karatasi. Miaka 15 hadi 18, shule ya upili, ambayo inampa chakula, kocha na mashindano ya taifa, lakini shule kwa kawaida si klabu mbele ya FIFA. Anamaliza kidato cha nne, wakala anamchukua, anaondoka. Pasipoti yake ya mchezaji inaanza Ulaya. Miaka sita ya jasho la watu wa hapa haimo.

Kwa hiyo ukinibana nichague upande, nitasema aondoke, kati ya miaka 18 na 20, aende Ubelgiji, Sweden, Austria au Uskoti, mahali ambapo kosa la kiungo chipukizi halimgharimu kazi, na asithubutu kukimbilia klabu kubwa ili akakae jukwaani na jezi nzuri. Ila aondoke akiwa mchezaji wa klabu, hata kama ni ya daraja la chini, iliyomwandikisha mapema kwa makubaliano na shule yake. Wenye subira watasema hiyo ni njia ya polepole. Ni kweli, inaanza miaka sita kabla ya uwanja wa ndege.

Kuna mtu mmoja anayeweza kuharakisha jambo hili. Januari 2010 Mariga alikuwa karibu kujiunga na Manchester City, lakini dili ikakwama kwenye kibali cha kazi kwa kuwa Kenya ilikuwa chini mno kwenye orodha ya FIFA. Akaishia Inter Milan, na Mei mwaka ule timu yake ikabeba Ligi ya Mabingwa. Desemba 2024 alichaguliwa kuwa makamu wa rais wa shirikisho la soka nchini, na pasipoti za wachezaji hutolewa na shirikisho hilo. Makocha wa mitaa ya Kisumu, Bungoma na Vihiga wangefaidika zaidi na fomu moja rahisi ya usajili wa vijana, inayojazwa papa hapa bila nauli ya Nairobi, kuliko na ziara nyingine ya kugawa mipira.