Watoto sita kwa mtu mzima mmoja

Ziara nyingi za shule kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi hupangwa hivi: watoto zaidi ya thelathini katika mstari mmoja, mwalimu mbele, wazazi wawili nyuma wakipiga soga, vyumba vyote ndani ya saa moja. Wa mbele wanasikia maelezo, wa katikati wanatazama migongo ya wenzao, wa nyuma wanasukumana. Jioni inasemwa watoto wa siku hizi hawana adabu. Mimi naulaumu mstari.

Watoto 36 wagawe vikundi 6, kila kikundi na mtu mzima wake. Chagua vituo vitatu tu. Vikundi viwili vinasimama kwenye kila kituo dakika 15, kisha vinabadilishana. Hiyo ni dakika 45, na nyingine 15 ni za choo. Msindikizaji apewe majina ya watoto wake siku mbili kabla, maana ukiita "we mtoto!" wanageuka wote isipokuwa yule anayekimbia.

Wiki moja kabla, mwalimu aende mwenyewe kuuliza: vyumba gani vimefunguliwa, choo kiko wapi, mifuko itawekwa wapi, na anayeongoza wageni ataeleza kwa lugha gani. Kifaransa tupu kitawaacha njiani watoto wa mwaka wa pili. Pesa za kiingilio zikusanywe shuleni. Kuhesabu franka mlangoni huku watoto wamesimama juani ni kuanza siku kwa ugomvi.

Kituo kimoja kiwe misalaba ya shaba, hata kama vingine vyote vitabadilika. Mtoto wa hapa anayaona malori ya shaba yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa hiyo ana pa kuanzia. Usimpe hotuba. Muulize: kitu hiki kilitengenezwaje bila kiwanda? Mwache akisie, halafu mweleze malakiti, lile jiwe la kijani, makaa ya miti, mivukuto, tanuru la udongo wa kichuguu, na shaba iliyoyeyuka ikimiminwa kwenye umbo la msalaba. Kisha mpeleke kwa maneno hadi Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958. Katika makaburi ya eneo hilo, misalaba ya zamani ni mikubwa na michache; kadiri karne zinavyosogea inakuwa midogo, mingi, na ya vipimo vinavyofanana. Kwa nini? Watoto wa mwaka wa tano wakiachwa wabishane, watafika wenyewe kwenye jibu la watafiti: ilikuwa imegeuka pesa. Dakika 15 zinakwisha hapo, na hakuna aliyepiga miayo.

Kwenye vinyago mambo ni mengine. Wapo watoto waliofundishwa nyumbani au kanisani kwamba hivyo ni vitu vya uchawi. Msindikizaji asimcheke mtoto anayeogopa wala asimsukume mbele. Amsimamishe kando, amweleze kinyago kilivaliwa na nani na katika sherehe gani, basi. Na msindikizaji mwenyewe akiwa na hofu hiyo, apangiwe kituo kingine, kwa sababu neno moja la "mashetani" kutoka kwa mtu mzima linafuta kazi yote ya mwalimu.

Katazo la kugusa vitu nalo lielezwe sababu. Jasho lina chumvi inayokula shaba na chuma. Mafuta ya vidole huingia kwenye mbao na kubakiza doa. Begi la mgongoni ni hatari kuliko kidole, maana mtoto akigeuka ghafla linagonga kabati la kioo, kwa hiyo yote yabaki mlangoni. Kuandika ni kwa kreyo, yaani penseli, biki zibaki shuleni. Karatasi ya maswali ishirini mimi naipinga kabisa: mtoto ananakili vibao na haangalii kitu. Mwambie achore kitu kimoja.

Kuhesabu vichwa vinavyotembea hakufai. Watu wawili watapata jumla mbili. Kila mtoto apewe namba, waziite wenyewe kwa zamu: kabla ya kupanda basi, wakishuka, baada ya choo, na kabla basi halijaondoka. Choo ndipo watoto wanapopotelea, kwa kuwa hapo vikundi huchanganyika na rafiki humfuata rafiki. Kuanzia Novemba hadi Machi nendeni asubuhi, kabla mvua ya mchana haijawafungia ndani. Na mkirudi, watu wazima wawili wabaki shuleni na orodha ya simu za wazazi hadi mtoto wa mwisho achukuliwe.