Gemara darasani: tafsiri ije lini?

Mtoto wa miaka 12 katika shule ya Kiyahudi ya kutwa huko Marekani anapofunguliwa Gemara kwa mara ya kwanza (mijadala ya marabi juu ya Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi; vyote viwili ndiyo Talmudi), mara nyingi huanzishiwa sura ya pili ya kitabu chake cha Bava Metzia, inayohusu vitu vilivyookotwa. Ni chaguo zuri, kwa kuwa nani hajawahi kuokota kitu njiani? Shida iko kwenye ukurasa wenyewe. Chapa ya Vilna ya miaka ya 1880, ambayo hadi leo ndiyo kipimo, ina matini katikati, sharhi ya Rashi upande wa ndani na sharhi za Tosafot upande wa nje. Aliyezoea vitabu vya zamani vya fiqhi vyenye sharhi pembeni ataitambua sura hiyo. Hakuna irabu wala alama ya kuuliza, na lugha huruka kutoka Kiebrania cha Mishna hadi Kiaramu. Apewe ukurasa huo mtupu, au toleo lenye irabu na tafsiri?

Wanaotetea tafsiri wana hoja nzito. Siku ya shule inagawanywa kati ya masomo ya dini na hesabu, sayansi na mengineyo. Kwa ukurasa mtupu, kipindi kizima huweza kuishia kwenye mistari mitatu, mtoto akipambana na maneno bila kuona hoja. Wengine hukariri alichosema mwalimu, wakakirudia kwenye mtihani, na wiki ijayo hawawezi kusoma mstari mpya. Isitoshe, tangu 2017 tafsiri ya Kiingereza inapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Sefaria. Kuificha ni kazi bure.

Lakini tazama kinachopotea. Mishna inasema matunda yaliyotawanyika ni ya aliyeyaokota. Gemara (ukurasa 21a) inauliza: kiasi gani? Rabi Yitzhak anajibu: kav moja, yaani ujazo wa mayai 24, ndani ya dhiraa nne. Baadaye Rabi Yirmiya anauliza: je, kav ya ufuta katika dhiraa nne? Hapo ndipo penye utamu wote. Ikiwa mwenye matunda huyaacha, yaani hayadai tena, kwa sababu thamani yake ni ndogo, basi ufuta, ulio ghali, hatauacha. Ikiwa huyaacha kwa sababu kuyaokota ni taabu, basi ufuta atauacha upesi zaidi. Tende na komamanga zinageuza swali: thamani ndogo, kuokota rahisi. Mwisho, teku: limebaki bila jibu.

Mwenye tafsiri anasoma “limebaki bila jibu”, anafunga kitabu. Toleo limeshamwekea alama ya kuuliza na limeshamwonyesha nani anasema, na kazi hiyo ndiyo somo lenyewe. Kosa la kawaida la anayeanza ni kusoma swali kama kauli, halafu kila kinachofuata kinakaa kichwa chini.

Kwa maoni yetu tafsiri ibaki, ila ije mwisho. Kwanza wafundishwe maneno ya kuendesha hoja: ta shema, “njoo usikie”, linaleta ushahidi, tiyuvta linatangaza kwamba hoja imevunjwa, kama inavyompata rabi Rava katika ukurasa 22b. Kisha wawili wawili, kwa mtindo wa havruta, wapewe nakala ya mistari 6 au 8 na penseli: waweke alama pale swali linapoanza, jibu linapokuja, na msemaji anapobadilika. Wasome kwa sauti. Sauti ikipanda mahali pasipo swali, mwalimu anajua mara moja walipopotea. Baada ya hapo Rashi, na tafsiri ikiwa ya kusahihishia tu.

Kuna tatizo jingine ambalo mbinu hizi haziliponyi. Avot 5, sehemu ya Mishna, inataja miaka 10 kwa Mishna na 15 kwa Talmudi. Mtoto anayeingizwa kwenye Gemara kabla hajasoma angalau sura kadhaa za Mishna hujifunza vitu viwili kwa pamoja, na cha kwanza hakishiki. Shule yenye haraka ya kuonyesha wazazi kurasa zilizosomwa hulipia haraka hiyo darasa la tisa.

Kwa mwanafunzi mwenye ugumu wa kusoma, irabu zianze siku ya kwanza, bila masharti. Ugumu wake ni wa herufi na sauti zake, si wa hoja. Alama za uandishi aziweke mwenyewe. Mtihani nao utoke kwenye kifungu asichowahi kukiona, cha mistari mitano, akitakiwa kuonyesha swali liko wapi na nani analijibu.