Kuzima na Kuwasha Hakuondoi Sloti

Saa tano usiku, niko Sinza nasubiri chipsi mayai, simu inaita. "Kaka, databesi imekwama. Tuizime tuiwashe?" Nikamwambia dogo asiguse kitu, nachukua boda nakuja.

Tabia hii inanikera. Ukizima, foleni inaondoka, ndiyo, na ndiyo maana watu wanaiamini. Kesho yake mko palepale.

PostgreSQL, programu ya databesi waliyokuwa wakitumia, ikifuta mstari haiutupi papo hapo. Mzoga unabaki mpaka VACUUM, amri ya kufagia, ipite, nayo haigusi kitu ambacho huenda bado kuna anayekihitaji. Katalogi, yaani orodha ya ndani ya majedwali na safu zake, nayo ni majedwali tu. Ripoti zao zilikuwa zikiunda majedwali ya muda na kuyafuta kutwa nzima, kila moja likiacha mizoga kwenye pg_class na pg_attribute, majedwali ya katalogi hiyo. Autovacuum, VACUUM inayojiendesha yenyewe, ingeizoa, lakini kulikuwa na sloti ya replikesheni ya kimantiki, yaani alama ya wapi msomaji wa mabadiliko amefika, iliyofunguliwa kwa majaribio. Mashine iliyokuwa ikiisoma ilizimwa, sloti ikaachwa. catalog_xmin yake, mpaka ambao VACUUM hairuhusiwi kuuvuka kwenye katalogi, ilikuwa imeganda wiki tatu nyuma. Mfagiaji yupo, fagio lipo, ila kakatazwa kuingia chumbani.

Sasa mtu akaona pg_attribute imevimba, akapiga VACUUM FULL, inayoandika jedwali zima upya. Amri hiyo huomba kufuli la ACCESS EXCLUSIVE, lisilopatana hata na SELECT, yaani kusoma tu. Kukiwa na muamala mmoja tu mbele yake uliosinzia, amri inasubiri, na wote wanaokuja nyuma wanaisubiri yenyewe. Umewahi kusimamishwa Magomeni kwa ajili ya msafara ambao bado haujatoka hata huko unakotoka? Ndiyo hivyo. Likishapatikana, kufuli linafika mpaka kwenye repilika, nakala ya databesi kwenye mashine nyingine. Anayesoma kule, kwa mpangilio wa kawaida, huvumiliwa sekunde 30 kisha anakatwa. Na hata ingemaliza, mizoga inayolindwa na sloti ingenakiliwa ilivyo.

Tukaisitisha VACUUM FULL, tukamtafuta msinziaji kwa pg_blocking_pids, inayoonyesha nani kamzuia nani. Kisha pg_replication_slots, orodha ya sloti: active ni f, yaani hakuna anayeitumia. Tukaifuta kwa pg_drop_replication_slot, halafu VACUUM ya kawaida. Faili hazikupungua sana, ila nafasi sasa inatumika tena. Kuanzia toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size, kikomo cha kumbukumbu za mabadiliko (WAL) ambazo sloti inaweza kuzuia zisifutwe, lakini isipowekwa haina kikomo, na kwao haikuwekwa.

Sloti huandikwa kwenye diski. Wangezima mara mia, wangeikuta.

Ilikuwa inaitwa jaribio_mpya. Nilipouliza ni ya nani, kila mtu akawa bize na simu yake.