Kamera irekodi muda wote au kitu kikisogea tu?

Kuna ubishi hauishi kati ya mafundi na wenye maduka, kamera za IP (zile zinazotuma picha kwa mtandao) ukishazifunga uziache zirekodi saa 24, au uweke moshen, yani zirekodi pale tu kitu kinaposogea? Wengi wapo moshen na sababu zao sio za kijinga hata kidogo, diski ni hela, halafu ukitafuta tukio huanzi kukodolea macho masaa nane ya ukuta mtupu, unakuta vipande vimejipanga unabofya tu. Kwa stoo isiyoingia mtu siku nzima, au kamera ndogo inayorekodi kwenye memori kadi, hata mimi naweka moshen.

Ila kwa duka linalouza, mmh.

Usiku wadudu wanaizunguka kamera, wadudu wanamleta buibui, buibui anatandaza utando mbele ya lenzi, upepo ukipuliza kidogo kamera inaona mtu. Mjusi nae. Simu inalia tahadhari ya kamera saa tisa usiku, inalia tena saa tisa na nusu, siku ya tatu mwenye duka kachoka anashusha usikivu wa moshen mpaka simu inyamaze. Hapo ndo kajimaliza, maana kwenye rekoda nyingi usikivu uleule unaoamua simu ilie ndo unaoamua irekodi au isirekodi, yeye anajua kazima kelele kumbe kaiziba kamera jicho. Mkono unaoteleza kwenye droo ya hela ni kasehemu kadogo sana ka picha, unapita bila kuhesabika. Siku ukija kuangalia unakuta pengo, na pengo halikwambii kama hapakuwa na kitu au kilikuwepo hakikuonekana.

Sa diski je? Tupige hesabu, na hii namba huwa nawaambia watu waiandike ukutani: kila megabiti 1 kwa sekunde (kiasi cha data kamera inachotoa), ukirekodi saa 24, inakula GB 10.8 kwa siku. Kamera nne za 1080p, H.264 (njia ya kubana video), fremu yani picha 25 kwa sekunde, kila moja megabiti 4, hiyo ni GB 172.8 kwa siku, diski ya TB 2 siku ya 12 imeshajaa inaanza kufuta za nyuma. Na wizi wa dukani haujulikani siku ileile, unajulikana siku ya kuhesabu mali, mwisho wa mwezi, wakati picha za tarehe tano zilishafutika zamani. Ndo maana watu wanakimbilia moshen, nawaelewa kabisa.

Lakini sio lazima ukae kwenye megabiti 4. Weka H.265 inayobana zaidi, fremu 15, bitireti (hizo megabiti kwa sekunde) ya kubadilika yenye ukomo wa 1.5, kamera zilezile nne zinakula GB 64.8 tu na TB 2 ileile inakufikisha siku 30, mwezi mzima bila pengo. Ukweli, watu wakijaa kwa mpigo picha itavunjikavunjika kidogo, hilo silifichi. Ila mwenye duka akimuona fundi anashusha fremu anahisi anaibiwa, na hapo ndo nabishana sana na watu, fremu nyingi hazikupi sura. Ukungu wa usiku unatokana na shata (kifunga mwanga cha kamera) kukaa wazi muda mrefu, fremu 25 za ukungu ni ukungu mara 25. Sura inataka pikseli, vile vidoti vya picha: kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4 toleo la 2015, kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ndo umtambue mtu usiyemjua, na 1080p ina pikseli 1920 kwa upana, yani haitoshi hata mita 8. Kwaio kamera moja ibane mlango, isitazame uwanja mzima.

Na ile hoja ya kutafuta, ambayo ndo nzito kuliko zote za upande wa pili? Acha irekodi muda wote, moshen iwashe kama alama tu, rekoda nyingi zitakuchorea rangi tofauti kwenye mstari wa muda. Ila kwanza cheki saa yake. Rekoda nyingi za China zinakuja zimewekwa GMT+8 na sisi huku ni GMT+3, mwizi aliyeingia saa nane usiku kwenye picha anasomeka 07:00, na wewe unahangaika kumtafuta kwenye 02:00.